Naomba ushauri: mti wa kivuli mahali penye nafasi finyu

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mti wa kivuli wa kupanda upande wa magharibi wa nyumba, ambako jua la alasiri hupiga ukuta moja kwa moja, ilhali mita 5 tu kutoka hapo limepita bomba la maji. Mkungu unanivutia kwa matawi yake yanayotanda kwa ngazi, lakini majani yake mapana hupukutika kwa wingi na kuziba mifereji ya paa (kazi ya kufagia ninayo tayari). Mwarobaini hustahimili ukame, ila hauvumilii maji yaliyotuama, na udongo wangu ni wa mfinyanzi. Je, niinue tuta kwanza, au kuna mti mwingine wenye mizizi isiyopasua mabomba?