Funguo za kurejesha za BitLocker: ni salama kuziweka kwenye programu ya kutunza nywila?

DadaWaSaccos
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaosimamia kompyuta za ofisi.

Natunza laptopu za SACCOS yetu hapa Mbeya. Zote ni Windows 11 Pro na diski zimefungwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski ili asiyehusika asiisome. Ndani kuna taarifa za wanachama: mikopo, namba za NIDA, wadhamini. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, meneja hataki kusikia habari ya laptopu isiyofungwa, na mimi naungana naye. Kinachonisumbua ni funguo za kurejesha, zile tarakimu 48 za kufungulia diski mashine ikigoma kufunguka kawaida. Kwa sasa zimechapishwa na ziko kwenye faili kabatini. Nataka kuzihamishia Bitwarden, programu ya mtandaoni ya kutunza nywila, ambako tayari tunatunza nywila za ofisi. Mwenzangu anasema siku akaunti ikivamiwa tumekwisha. Ana hoja? Na nani mwingine aruhusiwe kuziona?

Fundi_Mitambo
Hoja anayo, dada, ila haina uzito anaoupa. Ufunguo wa kurejesha peke yake haufungui kitu. Mtu aliye mbali akizipata hizo tarakimu, bado anahitaji diski yenyewe mkononi. Wa kumwogopa ni yule anayeweza kupata vyote viwili. Hapo karatasi ya kabatini inanitisha zaidi ya Bitwarden, maana anayevunja ofisi usiku anaondoka na laptopu na faili kwa mkupuo mmoja.

Kubwa zaidi ni ninyi wenyewe kufungiwa nje. BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) ikisasishwa bila BitLocker kusitishwa kwanza kwa muda, chipu ya TPM, inayotunza siri ya kufungua diski, inaweza kuona mabadiliko wakati mashine inawaka, na skrini ya bluu ikadai ufunguo. Ufunguo uko Bitwarden. Sasa Bitwarden huwa unaifungulia wapi? Kama ni kwenye laptopu hiyohiyo, na nywila kuu imehifadhiwa kwenye brauza ya laptopu hiyohiyo, umekwama. Iwe na kwenye simu yako pia. Nywila kuu uijue kwa kichwa. Ule msimbo wa dharura wa uthibitisho wa hatua mbili uandike kwenye karatasi, ukae nje ya ofisi, kwa sababu simu na laptopu vikiibiwa kwenye mkoba mmoja, huo ndio utakaokuingiza.

Wa kuziona: wewe na meneja. Siku ukiugua, ofisi isisimame.

Kokoto77
Naunga mkono. Kila mashine iwe na ingizo lake: jina la anayeitumia, namba ya mashine iliyo kwenye stika ya chini, ufunguo, na kitambulisho cha ufunguo. Hicho cha mwisho wengi hukiacha. Skrini ya bluu hukionyesha, nawe unalinganisha herufi nane za mwanzo kabla hujaanza kuchapa tarakimu 48 za mashine ya mtu mwingine. Vyote viwili utavipata kwa kufungua CMD (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi na kuandika

`manage-bde -protectors -get C:`

Nakili na kubandika, usichape kwa mkono. Ufunguo uliopo kwenye karatasi tu unaweza kuukagua: una makundi nane ya tarakimu sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Likibaki kitu, kuna tarakimu iliyokosewa hapo.

Babu_Linux
Mimi bado sipendi funguo zikae kwenye seva ya watu. KeePassXC, programu ya nywila isiyohitaji mtandao, inakupa faili moja la .kdbx, unaliweka kwenye flashi mbili, moja ofisini na moja kwingine. Hakuna akaunti ya kuvamiwa. Lakini faili hilo lisikae tu ndani ya diski ileile linayopaswa kuifungua.

Na wenye LUKS (mfumo wa Linux wa kufunga diski) humu msijisahau: kichwa cha diski, yaani sehemu ya mwanzo yenye taarifa za kuifungua, kikiharibika, nywila sahihi haisaidii. Chukueni nakala yake kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`, nayo muitunze nje ya mashine.

DadaWaSaccos
Babu, shikamoo. Nimekuelewa, ila funguo zikibadilika nahofia flashi moja itabaki na za zamani. Nabaki Bitwarden. Swali jingine: tuseme afisa mikopo yuko Chunya, laptopu imemfungia, nimemsomea ufunguo kwa simu. Ufunguo huo niendelee nao?

Babu_Linux
Marahaba, mwanangu. Hofu yako ya flashi ni ya kweli.

Fundi_Mitambo
Hapana, badilisha akirudi. Ongeza mpya kwanza kwa `manage-bde -protectors -add C: -RecoveryPassword`, uuhifadhi Bitwarden, uhakikishe umeingia sawasawa, ndipo ufute wa zamani kwa kitambulisho chake. Ukianza kufuta halafu umeme ukakatika, utakuwa na mashine isiyo na ufunguo wa kurejesha.

Kokoto77
Dada, kabla hujahamisha chochote, uliza kila laptopu iliwashwa mara ya kwanza kwa akaunti ya nani. Ikiwa ni akaunti binafsi ya Microsoft ya mfanyakazi, Windows inaweza kuwa ilifunga diski yenyewe na kupeleka ufunguo kwenye akaunti hiyo. Ataacha kazi na ufunguo wa ofisi atabaki nao. Kwa laptopu za namna hiyo, usihamishe ufunguo uliopo. Tengeneza mpya kwa utaratibu wa Fundi. Wa zamani ukishafutwa kwenye mashine, alionao hautafungua kitu.