Eti "ukiuliza kompresheni ujue huna hela"! Huyu dalali wetu wa Tanga ashindwe na alegee

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kusoma kule kwenye grupu la magari la Tanga sasa hivi na presha imepanda. Mnamjua ninayemsema, simtaji. Yule yule wa miwani ya jua mpaka saa nne usiku, anayepigia magari picha Raskazone jua likizama ili kutu isionekane.

Katupia Toyota Mark II. Namba B, usajili wa zamani. Milioni 48. Sijakosea kubonyeza, arobaini na nane. Chini yake kaandika: "Tourer V, legend, bei za hizi zinapaa dunia nzima, Supra imeuzwa dola laki tano na nusu Marekani, wenye akili wananunua sasa." Akaja kijana wa watu, kwa adabu zote, akaulizia mgandamizo wa hewa kwenye silinda, maana ndiyo afya ya injini: "Shikamoo kaka, samahani, kompresheni inasomaje?"

Jibu: "Ukiuliza kompresheni ujue huna hela. Nenda kanunue IST."

IST, kile kigari kidogo cha Toyota! Mbele ya grupu zima. Na vikatuni vya kucheka vinne.

Ukiuliza kompresheni ujue huna hela! Mtu anauza injini aliyoisifia kuwa ya turbo (Tourer V ndiyo Mark II ya turbo), ina miaka ishirini na ushee, swali la kwanza kabisa la mtu mwenye hela zake ndilo yeye kaliona tusi. Mwenye hela ndiye anayeuliza kompresheni! Asiye na hela anauliza "inaongeleka?"

Hiyo Supra anayojitapia ni ya 1994, ile ya rangi ya chungwa aliyoendesha Paul Walker kwenye sinema, ikapigwa mnada Juni 2021 kwa dola 550,000. Mark II yake kaiendesha nani? Bwana shamba wa Muheza?

Kwamba bei zimepanda, hakuna anayebisha. Marekani gari likitimiza miaka 25 tangu litengenezwe linaingia bila kuulizwa masharti yao ya usalama. Ndiyo maana Nissan Skyline R32 GT-R zilianza kumiminika kule 2014, na R34 zikafuata 2024. Kila modeli ikikaribia umri huo, minada ya Japan inachangamka na sisi huku tunaumia. Lakini Mmarekani anachukua gari Japan kwenye karatasi ya mnada, daraja 4 au 4.5, kila mkwaruzo umechorwa: W palipowahi kunyooshwa, S kutu, XX kilichobadilishwa. Hajawahi kutokea Mmarekani akapiga simu Chumbageni kuulizia gari lenye puti kilo tatu kwenye fenda.

Na hapo sijafika kwenye uchafu wenyewe. Angalieni taa za kwenye picha. Ni X110, bodi iliyokuja baada ya X100. X ONE TEN! Tourer V iliishia kwenye X100. X110 yenye turbo inaitwa Grande iR-V. Kwa hiyo bwana mkubwa anauza milioni 48 gari ambalo Toyota wenyewe hawajawahi kulitengeneza. Ni Grande ya kawaida, GX110, injini 1G-FE, cc 1988, turbo haina hata ya kuchorwa. Kabandika kinembo cha elfu kumi na kuongeza milioni thelathini.

Sasa yule kijana, kama upo humu, usinyamazishwe. Kompresheni inapimwa hivi. Injini ipate joto la kawaida kwanza. Chomoa relei ya pampu ya mafuta, chomoa koili, toa plagi ZOTE, siyo moja moja. Betri iwe imejaa, maana betri chovu inatoa namba ya uongo. Funga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, mwenzako akanyage mafuta mpaka chini, piga stata mizunguko mitano sita, andika. Rudia zote. Kwa mfano EJ20 ya turbo, injini ya Subaru, unataka psi 140 mpaka 170 na silinda zisipishane. Moja ikisoma 90 na wenzake 150, mimina kijiko cha oili kwenye tundu hilo upime tena: ikipanda ni ringi au pistoni, ikigoma ni valvu au gasketi. Kazi ya chini ya saa moja kwa fundi anayejua. Saa moja! Mtu anakunyima saa moja kwa milioni 48.

Ukiuliza kompresheni ujue huna hela. Haki ya Mungu leo silali.

Mtoto_wa_Chuda: Nakazia. Huyo huyo si ndiye aliyekuwa na Impreza ya bluu kaibandika "22B"? Ya milango minne! 22B Subaru walitoa 400 kwa ajili ya Japan, 1998, zote milango miwili, injini ya lita 2.2, fenda zimetanuliwa. Ya kwake fenda zimetanuka kwa kugonga ukuta.

Kapteni Deep Sea: 😂😂😂 hiyo ya ukuta nimecheka mpaka abiria wenzangu kwenye basi wamegeuka.

Mzee wa Barabara ya 12: Mleta mada punguza jazba. Umeandika gazeti zima kutetea kompresheni ya gari ambalo mwenyewe unasema halina turbo. 1G-FE ya X110 inagandamiza kumi kwa moja, 1JZ-GTE yenye VVT-i, ile ya Tourer V, tisa kwa moja. Angekubali kupima ingesoma vizuri kuliko hiyo Tourer V unayoililia, na ungelipa. Dalali kakuokoa, mnunulie soda.

Mleta uzi: Mzee wangu, heshima yako, lakini hujaelewa. Hoja siyo itasoma ngapi. Hoja ni KUJIBIWA VILE. Ukiuliza kompresheni ujue huna hela! Mbele za watu!

Mzee wa Barabara ya 12: Kwani unazo?

Kapteni Deep Sea: Uwiiii. Mleteeni maji ya madafu.

Binti Pongwe: Samahanini, naona wote mmelipita hili. IST imekosea nini? "Nenda kanunue IST", na humu mnacheka. Injini yake, 1NZ-FE, ni ya cheni, hakuna cha kubadilisha mkanda kila kilomita laki. Oili lita 3.7 na filta yake, safari. Nyie na hizo legend zenu mnaonekana Jumamosi jioni tu, Jumatatu mko kwenye bajaji.

Mtoto_wa_Chuda: Dada, hakuna aliyeisema vibaya IST.

Binti Pongwe: Kaisema dalali, na mleta uzi kaona kuambiwa akanunue IST ni TUSI. Soma tena.

Boksa_Flati4: IST mwacheni apumzike. Tatizo la huu mji ni mafundi. Mkanda wa taimingi wa EJ20 ya kamu nne, jamaa wanafunga kwa kufuata mishale. MISHALE! Kwenye puli kuna mshale na kuna mstari, ni vitu viwili tofauti. Unafuata mistari. Kwenye krenki ni kile kimstari kilicho kwenye meno ya nyuma ya puli, kiangalie juu kwenye alama ya blok. Puli za kushoto zina nguvu ya springi za valvu, ukizigusa vibaya zinaruka zenyewe, zishikilie kwa kifaa chake. Ukimaliza zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili kabla hujagusa stata, ikikwama simama hapo hapo. Hiyo injini pistoni zinakutana na valvu, ukikosea unabadilisha valvu. Na msiniambie "nimebadilisha mkanda tu". Mkanda, tenshena, aidola zote na pampu ya maji, vyote siku moja. Aidola ya elfu thelathini ikikwama inakula mkanda mpya.

Kijana wa Mikanjuni: Ongezea ile nati ya bomba la oili la turbo. Kwenye EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu, kikiziba turbo inakauka, unasikia inalia kama filimbi ya refa halafu kimya. Watu wanabadilisha turbo, kichujio hawakigusi, ya pili nayo inakufa wanasema turbo zilizotumika ni feki.

Boksa_Flati4: Asante. Na turbo iliyotumika ukiinunua shika shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kulia kushoto ni kawaida, inategemea oili. Ikiingia na kutoka, rudisha, hata kama kakupa bure.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Kuhusu yule dalali…

Mhenga_Forodhani: Dalali mnamwonea. Wangapi humu mmepiga hesabu ya kuagiza wenyewe? Gari la zaidi ya miaka kumi, cc 2491 kama 1JZ. Chukua thamani mpaka bandarini iwe 100. Ushuru wa forodha 25, tumefika 125. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa imepita cc 2000, na uchakavu asilimia 30 juu yake, jumla 40 ya hiyo 125 ni 50. Tumefika 175. VAT asilimia 18, tuko 206 na nusu, na tozo ndogo ndogo sijazigusa. Ya cc 1994 kama EJ20 inapata nafuu, ushuru wa bidhaa ni 5, unaishia 199. Gari limeshazidisha bei mara mbili halijatoka getini. Halafu mnashangaa namba B inapanda bei! Iliyopo ndani ndiyo iliyopo.

Mtoto_wa_Chuda: Hapo umesema kweli. Ndiyo maana Subaru Forester namba C inauzwa sawa na alivyonunua mwenyewe zamani.

Kijana wa Mikanjuni: Forester zenyewe nusu ni za mapambo. Fungua boneti: chini ya ile pua ya kuingiza hewa lazima ukute intakula, kipoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini. Ukikuta kava la plastiki na upepo wa bahari unapita, hiyo siyo turbo, ni pua tu.

Mleta uzi: Sawa, lakini mtu kukuambia huna hela kwa sababu umeuliza komp…

Binti Pongwe: Mkuu, tumesikia. Nunua IST.

Kapteni Deep Sea: 😂😂😂

Asali_Amboni: Nyie mnaongelea bei, mimi naongelea kutu. Chumvi ya hapa haimwachi mtu. Impreza za zamani, kabla hujamsikiliza muuzaji, nenda nyuma. Fungua buti, funua kapeti, angalia juu ya shokapu zile sahani mbili. Rangi imevimba malengelenge, usiguse tena. Halafu pitisha sumaku ya friji kwenye ukingo wa fenda za nyuma, polepole, pande zote mbili. Ikidondoka, hapo kuna puti. Kuna gari liko mtaani Ngamiani sumaku inashika kwenye paa tu.

Mtoto_wa_Chuda: Unalisema lile jeupe?

Asali_Amboni: Sijataja rangi mimi.

Mzee wa Barabara ya 12: Lile jeupe ni la shemeji yangu, heshima tafadhali.

Kapteni Deep Sea: Kumekucha!

Dereva Segera: Kutu ni la kuvumilika. Hebu tuongelee matuta. Kutoka Segera kuingia mjini, gari ukishalishusha springi, kila tuta unapanda kimshazari, gurudumu moja moja, nyuma lori la saruji linakupigia honi. Bomba la kwanza la sailensa la Subaru ndilo linalofika chini kabla ya vyote. Aliyeweka lile tuta bila rangi karibu na Muheza Mungu anamwona.

Mhenga_Forodhani: Usishushe.

Dereva Segera: Sasa legend gani iko juu utadhani trekta la mkonge?

Binti Pongwe: IST haishuki, haipandi, inapita.

Kijana wa Mikanjuni: Dada una hisa kwenye IST?

Mleta uzi: Naomba moderata aufunge uzi.

Mzee wa Barabara ya 12: Usifungwe, nina swali la maana. Forester turbo ya mwanangu imeanza kugugumia ukikanyaga mafuta, chini haigugumii. Fundi anasema nishushe injini ili kubadilisha plagi. Kweli?

Boksa_Flati4: Shikamoo mzee. Si kweli, mkimbie huyo. Upande mmoja toa boksi la filta ya hewa, upande wa pili toa betri na chupa ya maji ya waipa. Tumia soketi ya plagi yenye mpira ndani na ekstensheni fupi fupi, uziunge ukiwa umeshaingiza soketi, maana ndefu inagonga chesisi. Injini iwe ya baridi, usitoe ikiwa ya moto utakula nyuzi za alminiamu. Mpya ziingize kwa mkono mpaka zishike, ndipo spana. Mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, ukiwa mpana zaidi turbo ikipuliza cheche inazimika, ndiyo huko kugugumia. Zikiwa nzima, zungukia koili.

Mzee wa Barabara ya 12: Marahaba. Ile chupa ya waipa ina masikio ya plastiki, yakikatika?

Boksa_Flati4: Yatakatika tu mzee, ya zamani hizo. Kamba za plastiki mbili, funga, twende.