Mtutu mwembamba au mnene: mbona risasi zangu zinahama?

Kijana wa Kongowea
Assalam alaikum wakuu. Mimi mgeni kwenye kulenga shabaha, bado natumia bunduki ya klabu, .308 (tundu la milimita 7.62) yenye mtutu mwembamba. Nikilala na kulenga shabaha ya mita 100, risasi tatu za kwanza zinakaa pamoja, sarafu ya shilingi ishirini inazifunika. Ya nne na ya tano zinapanda juu kulia, vidole viwili hivi. Jamaa mmoja kaniambia nikipata leseni ninunue yenye mtutu mnene, eti hiyo haikosi. Ni kweli, ama nauziwa mbuzi kwenye gunia?

Abuu Likoni
Mnene, bila wasiwasi. Lakini utaibeba mwenyewe. Ya rafiki yangu pamoja na darubini yafika kilo 7. Nikiishika nimesimama natetemeka kama mwenye malaria.

Fundi Mstaafu, Kisauni
Mwanangu, mtutu usiokosa haujafuliwa bado. Nimekuwa fundi wa silaha miaka 19, na hizo risasi tatu za kwanza zimeshakujibu: mtutu wako ni mzuri. Ukiwa baridi waweza kupiga sawa na mnene. Shida inakuja ukipata moto.

Waliojenga nyumba za udongo watanielewa. Bana ufito wa mkoko ncha moja, uugonge: unacheza. Boriti igonge vivyo hivyo, kimya. Mtutu nao hutetemeka kila risasi ipitapo, na risasi hutoka mdomo ukiwa umesogea kidogo. Hapo unene unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kwa tundu la milimita 7.62, mtutu wenye upana wa milimita 22 kwa nje ni mgumu kupinda karibu mara tano kuliko wa 15. Ukiurefusha, ugumu huo unaanza kuupoteza.

Moto sasa. Sufuria nyepesi hushika moto upesi, chuma cha chapati kinachelewa. Lakini chuma kikishashika, kupoa ni kesho. Mwenye mtutu mnene atapiga kumi bila kuhama, kisha atangoja upoe muda mrefu kuliko wewe. Tena mtutu ulionyooshwa kwa nguvu kiwandani, ukipata moto hukumbuka ulikopinda. Na hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini, shabaha inacheza kama lami ya barabara ya Malindi saa saba mchana. Utadhani macho ndiyo mabovu.

Kabla hujatoa hela: hakikisha bunduki ni tupu, chukua noti ya mia, ipitishe kati ya mtutu na mbao inayoubeba, toka mbele mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ikikwama, mchawi umempata. Masika moja nilimsingizia mtutu wangu wiki tatu nzima. Asubuhi kushoto, jioni kushoto zaidi. Mnunuzi nilishampata! Kumbe mbao imekunywa unyevu, imevimba, inausukuma mtutu upande. Msasa nusu saa, kisha mafuta ya kitani isinywe tena. Bunduki ninayo mpaka leo.

Kijana wa Kongowea
Shikamoo mzee. Nimejaribu leo, msimamizi akiwepo. Noti imekwama karibu na mbele, upande wa kushoto chini.

Abuu Likoni
Lo! Na mimi nilishamtuma mtoto wa watu dukani.

Fundi Mstaafu, Kisauni
Marahaba. Mbao inasukuma toka kushoto chini, risasi zinakwenda juu kulia. Hesabu imekubali.

Ukija kununua, mnene wa kiasi utakufaa, maana wewe wapiga umelala, risasi ishirini kwa mkao mmoja, na uzito wake utameza teke la bunduki. Ule mwembamba ni wa msasi wa kutembea porini kutwa, na usasi hapa kwetu Kenya ulipigwa marufuku 1977. Wamtembezea nani?

Na msasa usiushike. Mwambie msimamizi aite fundi, bunduki si yako.