Naomba ushauri: programu nyepesi ya kutazama picha kwenye kompyuta ya zamani

Jambo ndugu zangu,

Niko Bukavu, hapa Kadutu, nasafisha picha za harusi na za pasipoti. Kompyuta yangu ni ya Windows 7, RAM GB 2. Programu iliyokuja nayo inajikokota hadi mteja anaanza kuangalia saa, na umeme ukikatika hapo ni kuanza upya.

Sasa nimeweka IrfanView, ile iliyoanza mwaka 1996. Ni ndogo mno, inafunguka papo hapo, unabonyeza mshale wa kulia picha inayofuata inakuja. Ningetulia nayo, ila picha za iPhone, zile za HEIC, zinagoma kufunguka. Halafu ni ya bure kwa matumizi binafsi tu. Wa biashara hulipia leseni, na mimi ni wa biashara, japo ya kibanda.

Nasikia nomacs, programu nyingine ya kutazama picha, ni huria hata kwa biashara. Kuna aliyeitumia kwenye mashine dhaifu hivi? Au niwaombe wateja wabadili HEIC kuwa JPEG kwenye simu zao kwanza? Wengine hawapendi ushike simu yao.

Mega za intaneti nanunua kidogo kidogo, kwa hiyo programu nzito msinitajie.