Naomba ushauri: chekechea yangu niiite Masihara?

MamaWawili_Uyole
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Niko Uyole, Mbeya. Januari nafungua chekechea ndogo hapa nyumbani. Rangi tayari, vyoo tayari, kilichobaki ni jina la kwenye bango. Natafuta neno la Kiswahili linalobeba ile raha ya watoto wakikimbizana uani, wanachokozana na kuangua vicheko bila ubaya wowote. Nikachagua Masihara. Nimekua nikisikia hivyo: watoto wakimwagiana maji bombani, "waache, wanafanya masihara".

Jana mama mkwe kapanda kutoka Tukuyu. Nilipomwambia jina alinyamaza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, nani atakuletea mtoto wake umfanyie masihara?" Namheshimu sana mama huyu na swali lake limenikosesha usingizi. Mchora mabango anakuja Jumamosi. Neno hili limetoka wapi, na ubaya wake ni upi?

Mwalimu_Kihesa
Dada, mkweo kasikia sawasawa. Masihara ni la Kiarabu, maskhara, yaani kichekesho, mtu au kitu cha kudhihakiwa. Mzizi wake ni kukejeli. Kwetu ile kh ikalainika ikawa h, na makali ya maana nayo yakapungua, ndiyo maana wewe unasikia mchezo. Ila hayakuisha. Mtu akikasirika anasema nini? "Usiniletee masihara!"

Mzaha nao ni wa huko huko, mizah. Huu una kisa ninachokipenda mno: m yake ni sehemu ya mzizi kabisa, lakini masikio yetu yakaisikia kama ya mti na mkate, tukaupa wingi wetu, mizaha. Dhihaka ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Mzizi wake Kiarabu ni kucheka tu, kwetu ikawa kumcheka mtu.

Kijana_wa_Njombe
Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Achana na yote mawili.

Mtani_Iringa
Mimi ningesema Utani. Huku kwetu Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Hata msibani mtani anachekesha na hakuna anayenuna.

Mwalimu_Kihesa
Mtani, kamwene. Neno zuri, lakini utani una wenyewe. Lazima nijue wewe ni nani kwangu ndipo nikutanie. Mtoto wa miaka mitatu hajui hayo, atachokoza yeyote.

Binti_Rungwe
Kwa nini tusichukue la kwetu? Kucheka kwa Kinyakyusa ni ukuseka, Wakikuyu husema theka, Wazulu hleka. Ukoo mmoja na cheka yetu. Dada, ita Kicheko.

Mama_Bustani
Kicheko ni kizuri, ila sikiliza na hili: Bashasha. Limetoka Kiarabu pia, bashasha hiyo hiyo, uso uliochangamka wa mtu anayekupokea. Nasi hatukulichafua. "Alinipokea kwa bashasha", hakuna anayelisema kwa hasira. Nilipeleka wangu wawili chekechea kwenye baridi ya Juni, saa moja kasoro, mtoto analia kanishika kitenge. Raha ya uani sikuwa naiona, nilikuwa nautazama uso wa yule anayefungua geti. Uso wake ukiwa umekunjamana, siku nzima kazini situlii.

MamaWawili_Uyole
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama_Bustani, hapo kwenye geti umenigusa, maana geti nitafungua mimi.

Nimemsomea mama mkwe jikoni. Kalijaribu mdomoni, "Basasa... Basasa", kisha kacheka na kuniambia Jumamosi haondoki mpaka alione limeandikwa. Binti_Rungwe, Kicheko nitalipa darasa la wadogo. Ndaga fijo, nyote.