Mafundi wa Tanga, nani kawatuma mtoe themostati kwenye magari ya watu? Injini yangu imekufa

Wakuu salaam. Naandika nikiwa nimejaa hadi hapa kooni kwa hiyo mtanisamehe lugha. Mwenye gereji yoyote hapa Tanga, awe Ngamiani, Makorora, Mikanjuni au kule Kange jirani na stendi, hili linamhusu. Hivi nani kawafundisha kwamba gari ikichemsha dawa yake ni kung'oa themostati, kile kidude kinacholinda joto la injini, na kufunga feni daireki, yaani izunguke muda wote? Maana imeshakuwa kama kanuni, mtu unapeleka gari na shida yako moja unarudishiwa gari imetolewa kiungo na wala huambiwi.

Gari yangu ni Toyota Passo ya 2008, ile ya cc 996 yenye pistoni tatu. Mie naishi Pongwe na shughuli zangu ziko mjini, kila siku nakwenda na kurudi na hiyo gari, watoto shule na hiyo gari, mama hospitali na hiyo gari. Mwaka jana ikaanza kupandisha joto nikiwa kwenye foleni, ukikaa kidogo taa nyekundu inawaka. Nikaipeleka kwa fundi ambaye karibu mtaa mzima unapeleka kwake. Akasema dada niachie, jioni njoo. Jioni nimekuja, gari haichemshi tena. Nikauliza ilikuwa nini, akanijibu "kulikuwa na kitu kimeziba nimekiondoa, sasa maji yanapita vizuri". Nikalipa nikashukuru nikaondoka, ningejuaje kwamba kitu chenyewe alichoondoa ni themostati.

Baada ya hapo mafuta yakaanza kuisha hovyo. Tanki ambalo lilikuwa linanisukuma wiki halifiki tena, na mnajua bei za mafuta zilivyo, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa roho juu tukisubiri EWURA watangaze bei mpya ya Dar, Tanga na Mtwara. Nikarudi kwa fundi yuleyule. Akasema plagi zimechoka, tukabadilisha plagi. Haikusaidia. Akasema labda unajaza kituo kibaya, nikahama kituo. Haikusaidia. Taa ya bluu kwenye dashibodi, ile inayowaka injini ikiwa bado baridi, ilikuwa inachukua muda mrefu sana kuzima, natoka Pongwe naitafuta Kange bado inawaka. Nikamwonyesha. Akasema hiyo haina shida dada, ndo ujue injini yako iko poa.

Iko poa! Wakuu, injini haitakiwi kuwa poa. Nimeshajifunza kwa machungu na nitawaeleza nilivyoelezwa mie na fundi mwingine mtu mzima wa Mombo, ambaye nitamfikia.

Themostati ni kama mlango unaolinda joto la injini. Ukiwasha gari asubuhi inakuwa imefunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta, mpaka yafike joto la kazi, kwa Toyota nyingi ni nyuzi 80 na kitu, ndipo inafunguka yenyewe na kuyaruhusu kwenda kupozwa. Ndani yake kuna nta ambayo ikipata joto inavimba na kusukuma. Haina umeme, haina waya, ni kidude cha kukaa kiganjani na bei yake kwa gari ndogo haifiki hata tanki la mafuta. Ukiing'oa, maji yanakwenda kwenye rejeta muda wote, injini inachelewa sana kupata joto lake. Sasa kompyuta ya gari ikisoma injini ni ya baridi inaongeza petroli, kwa sababu injini ya baridi inahitaji mafuta mengi zaidi ili iwake vizuri. Ndiyo petroli yangu ilikokuwa inakwenda. Na oili nayo isipopata joto la kutosha, unyevu unaoingia ndani haukauki, unabaki humohumo unachanganyika na kufanya utopetope. Halafu kompyuta yenyewe hilo kosa inalijua na ina namba yake, P0128, maana yake maji hayafiki joto linalotakiwa. Angepima na mashine tu, dakika tano. Ila mashine hana, ana spana na mdomo.

Kuna mwingine naona anakuja kuniambia "lakini bila themostati gari inapoa zaidi". Siyo lazima! Kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto mengine hayapiti kabisa kwenye rejeta yanarudi ndani vilevile yalivyo. Kwenye barabara ya tambarare hutaona kitu. Ukija kukamua injini ndo utaona.

Na mie nilikamua. Tulikuwa tunakwenda Lushoto kwenye shughuli ya familia, mie, mama na wadogo zangu. Kutoka Mombo kupanda Soni mnaijua ile njia, ni kama kilomita 33 hadi Lushoto na nyingi ni mlima na kona juu ya kona. Hatujafika hata Soni taa nyekundu ikawaka. Nikasimama papo hapo na kuzima. Moshi wa mvuke ukatoka chini ya boneti, mama akashuka anasoma dua, mdogo wangu anataka kufungua mfuniko wa rejeta, bahati nzuri dereva wa fuso alisimama akapiga kelele "usifungue hilo, dogo, utaungua uso". Tukakaa pale pembeni ya barabara, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, mwanamke wa miaka sabini na magoti yake mabovu anakalia jiwe kwa sababu ya mtu mmoja mvivu wa Tanga.

Tukavutwa kurudi Mombo. Pale ndo nikakutana na huyo baba, Mungu ambariki. Akachomoa stiki ya oili, akaniambia mwanangu lete kidole. Nikagusa, kidole kikatoka na ute wa kahawia uliopauka, maji na oili vimeshachanganyika. Akaniambia hedi gaskiti imekwenda, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku ili maji na oili visikutane. Halafu akafungua pale themostati inapokaa ili anionyeshe, na ndani mlikuwa hamna kitu. Tupu. Pembeni kumepakwa silikoni nyekundu kwa kidole, alama ya kidole cha mtu bado inaonekana imekaukia pale. Akafuata waya za feni, zimekatwa, zimesokotwa mbili pamoja na kuviringishwa selotepu ya kawaida. Sio hata ya umeme jamani! Selotepu ya kufungia daftari. Joto limeshaiyeyusha, waya mmoja umechomoka, feni ilikuwa haizunguki kabisa. Yaani ile feni kabla haijafungwa daireki ilikuwa inasubiri amri ya sensa ya joto, fundi wangu akaona sensa usumbufu akairuka, feni ikawa inazunguka mfululizo gari ikiwa imewaka, usiku na mchana, mvua na jua, mpaka kazi ya mkono wake yenyewe ikaachia.

Tukatoa maji ya rejeta. Yalitoka mekundu ya kutu na chini kuna unga mweupe. Maji ya kisima. Hapa sasa niongee na watu wa Tanga wenzangu. Mji huu umekaa juu ya chokaa, ndo maana tuna mapango ya Amboni na ndo maana saruji inatengenezwa hapo Pongwe. Angalia birika lako la chai kama unatumia maji ya kisima, lile gamba jeupe chini. Lile gamba ndo linakaa kwenye mishipa ya rejeta ambayo upana wake hata njiti ya kibiriti inapita kwa shida. Na visima vya karibu na bahari vina chumvi juu yake. Unamwambia fundi weka kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, anakucheka, "dada kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, Tanga barafu utaipata wapi?"

Hili jibu nimelisikia kwa mafundi, kwa madereva wa bajaji, mpaka kwa shemeji yangu ambaye amesoma. Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Kazi nyingine ni kuzuia kutu ndani ya injini na kulinda wota pampu, na nyingine ni kuchelewesha kuchemka. Maji matupu yanachemka nyuzi 100. Ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti yanapanda mpaka kama 106, na mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unabana presha, yanavuka 120. Hizo nyuzi ishirini ndo zilikuwa zimuokoe mama yangu pale mlimani. Na hao wanaosema themostati na kulanti ni za nchi za baridi, nusu ya Tanga tuna ndugu Maskati kule Omani, wapigieni simu. Kule kiangazi joto linafika 45 na zaidi, muulize kama gari yake imetolewa themostati. Atakushangaa.

Haya, nimerudi Tanga nimekwenda kwa fundi. Nikamuuliza themostati yangu iko wapi. Jibu lake naliandika kama lilivyo: "Si gari ilitembea? Ilitembea au haikutembea?" Nikasema nimekuuliza kitu changu kiko wapi. "Kilitupwa, kilikuwa kibovu." Ulikipima? Kimya. Kukipima ni kukitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, uwashe moto, uangalie kama kinafunguka maji yakikaribia kuchemka, mtoto wa darasa la tano anaweza. Hakupima. Akaniambia Passo ni kopo, haziwezi mlima, ningenunua gari ya maana. Wateja wengine waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi wakacheka. Kwa hiyo kosa ni la kopo.

Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba huyu mtu alijua. Gari yangu ilikuwa inachemsha kwenye foleni, gari ikitembea inapoa, hata mie sasa hivi najua hiyo ni dalili ya feni, au rejeta imeziba, au mfuniko umelegea. Kutafuta ni kazi, rejeta inabidi ishushwe isafishwe, sensa ya feni ipimwe. Kung'oa themostati ni dakika kumi, na gari itatembea miezi kadhaa bila kuwasha taa nyekundu, mteja analipa na kutoa shukrani, na ikija kufa inafia mbali na gereji yake. Ugonjwa uko palepale, alichoondoa ni kelele yake. Na hana risiti, hana kibao, hana namba ya kushtakiwa, gereji bubu chini ya mwarobaini. Trafiki pale Kange ananisimamisha ananiuliza mtungi wa zimamoto na triango, sawa ni haki yake, lakini anayekata waya za magari ya watu na kufunga selotepu hakuna anayemuuliza chochote. VETA ipo hapahapa mjini, vijana wanasoma ufundi wa magari miaka, wakitoka wanakaa nyumbani kwa sababu gari zote zinakwenda kwa mtu mwenye mdomo.

Wenye Passo, Vitz na gari nyingine zisizo na mshale wa joto, nawaomba kesho asubuhi mfanye hivi. Washa gari ikiwa imelala usiku kucha, angalia taa ya bluu. Kwa joto letu la Tanga ukitembea dakika chache inatakiwa izime. Kama unavuka nusu ya mji bado inawaka, nenda kafunguliwe uone kama themostati ipo. Geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, sikiliza feni, ikianza kuzunguka hapohapo gari ikiwa ya baridi na AC umezima, ujue imefungwa daireki. Na ukipeleka gari gereji mwambie kila kitu anachotoa akuwekee kwenye mfuko ukabidhiwe.

Gari iko juu ya matofali nyumbani, hedi imeshushwa. Fundi wa Mombo kasema hedi ni ya aluminiamu, ikipata joto kiasi kile inapinda, kwa hiyo isifungwe gaskiti mpya kabla hedi haijapimwa kwa rula na kuchongwa kama imepinda, la sivyo nitaunguza tena. Sasa mwenye kujua sehemu ya uhakika ya kuchonga hedi hapahapa Tanga bila kuipeleka Dar aniambie, na bei. Wale wa kunishauri ninunue injini used niswapu, nimewasikia, lakini kwanza nataka hii ipimwe. Na wewe fundi, kama kuna mtu atakusomea hapa, themostati mpya, gaskiti, kuchonga hedi na hela ya kuvutwa kutoka mlimani nimeziandika zote kwenye karatasi moja, Jumamosi nakuja na kaka zangu kwa mjumbe wa mtaa wako tukae tuongee.