Biskuti ngumu, vitonge laini au maini makavu: kipi cha kumwokea mbwa?

Mama Popi
Wakuu, salamu. Popi wangu ana miezi 9, kilo 12, na tumeanza mafunzo ya kukaa na kuja akiitwa. Vitafunwa vya pakiti nimeachana navyo, nataka kuoka mwenyewe. Mpaka sasa nimejaribu aina tatu. Biskuti za ngano, yai na siagi ya karanga zinadumu, ila anaitafuna moja mpaka nasahau nilikuwa namfundisha nini. Vitonge vya boga na unga wa oti anavipenda sana, lakini siku ya sita nikakuta ukungu. Maini nilikausha kwenye oveni, nyumba nzima ikanuka, mume wangu akahamia nje na kiti chake. Ninyi mnatumia kipi?

Kifaru Mtulivu
Unashindanisha vitu vyenye kazi tofauti, dada. Cha mafunzo kiwe laini na kisizidi ukucha wa kidole kidogo, akimeze mara moja na macho yarudi kwako. Biskuti ngumu mpe unapotoka, imshughulishe. Mimi mchanganyiko wa boga nautandaza trei nzima, nauoka, naukata vipande vya nusu sentimita ungali na uvuguvugu, halafu friza. Kila asubuhi natoa kiganja kimoja. Huo ukungu hutauona tena.

Fundi Jiko
Ugumu wa biskuti hauletwi na unga peke yake, ni maji yaliyobaki ndani. Naoka nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 25, nazima oveni, naziacha humo humo mpaka asubuhi. Ukivunja moja ikalia "ka!", imekauka. Ikipinda, au katikati ukiona weusi weusi wa unyevu, irudishe. Zilizokauka hivyo huwa zinanikalia wiki mbili kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Laini hata kwenye friji usivuke siku nne au tano.

Oti haina gluteni ya kushikanisha kama ngano, ndiyo maana vitonge vyake humomonyoka. Ongeza yai, kisha acha donge lipumzike dakika 15, unga unywe maji.

Bibi wa Mbwa Watatu
Kabla hamjafika mbali: hiyo siagi ya karanga, umesoma maandishi ya kopo? Baadhi ya zile "zisizo na sukari" zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, pengine imeandikwa E967 tu. Kwetu haina neno. Kwa mbwa, insulini inamwagika kwa wingi, sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja, na ini linaweza kuharibika. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, makadamia na vitunguu vya kila aina pia visiguse bakuli. Hamira nayo ya nini? Akiiba donge bichi lenye hamira litaumukia tumboni na kutoa pombe.

Mpole22
Bibi, mbona wapo wanaotia kitunguu saumu kidogo kufukuza viroboto?

Bibi wa Mbwa Watatu
Kinavunja chembe nyekundu za damu, mwanangu. Viroboto vina dawa yake kwa daktari wa mifugo.

Mzee wa Maini
Maini msiyatukane jamani. Yachemshe dakika 5, mwaga maji na lile povu, yafute yakauke, kata vidogo, kisha nyuzi 100 kwa saa mbili hivi. Harufu inapungua sana. Lakini yasiwe ya kila siku, yana vitamini A nyingi mno. Yangu nayaweka kwa mtihani mgumu: kumwita mbwa wakati paka anapita. Biskuti haimgeuzi hapo, hata uipake nini.

Kifaru Mtulivu
Na hesabu ya chakula je? Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Mbwa mzima wa kilo 12 anahitaji kama kalori 600 hadi 700, kwa hiyo una 60 au 70 za kuchezea. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi ya karanga kina kama 95. Ndiyo maana mimi niko upande wa boga.

Mpole22
Tusio na oveni tufanyeje?

Fundi Jiko
Chemsha kifua cha kuku bila chumvi, kichane nyuzinyuzi. Umemaliza.

Mama Popi
Mrejesho. Kopo langu limeandikwa karanga tu, nimepumua. Boga liko friza, vipande vidogo kama alivyosema Kifaru. Maini nimeyachemsha kwanza na mume wangu hajahama. Leo Popi nimemwita mara nne, amekuja mara tatu. Ya nne paka wa jirani alikuwa dirishani, ameng'ang'ania hapo tangu maini yaingie oveni.

Mzee wa Maini
Mpe na paka kimoja, aondoke.